Msimlaumu Mwalimu Peke Yake

Kila matokeo ya mtihani yanapobandikwa, watu wa Amani hunena barazani neno moja: "Walimu wa siku hizi wavivu." Sisi tulio walimu hatulikatai lote, maana wavivu wamo kati yetu, nasi twawajua. Lakini twawauliza wanenao: Je, hamjamwona mwalimu aliyehamishwa skuli, mwendo wa miguu tu, naye aliyekuwa mlegevu akawa hodari? Mshahara ule ule, chaki ile ile, watoto wa mitaa ile ile. Basi kilichobadilika ni nini?

Twasema ni hali ya nyumba aliyoingia. Katika skuli moja tuliyofundisha, mwalimu mkuu alipiga mstari mwekundu katika kitabu cha mahudhurio saa moja na nusu barabara, kisha akasimama mlangoni. Mwenzetu mmoja, aliyekesha hospitali na mwanawe, alifika mstari umekwisha kupigwa, akakemewa mbele ya wanafunzi wake. Tangu siku ile hakuchelewa tena, wala hakufundisha tena. Alitia sahihi, akaandika ubaoni, akangoja kengele. Na kitabu kilimshuhudia kuwa mwalimu mwema!

Katika skuli nyingine mkuu aliketi nyuma ya darasa, akasikiliza, kisha akamwita mwalimu faraghani: "Hesabu za sehemu umeziharakisha, mwalimu, kesho tuzifundishe pamoja." Huko walimu walibaki baada ya kengele pasipo kuamriwa.

Wengine watajibu kwamba shida ni vyumba. Ni kweli, tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, skuli nyingi zilifundisha mikondo miwili, na picha aliyoitundika mwalimu wa asubuhi pengine hakuikuta kesho yake. Twashukuru kwa skuli za ghorofa zilizojengwa miaka hii. Lakini ghorofa haimwamkii mtu. Uwanja wetu wa Amani, uliofunguliwa 1970, umetengenezwa upya ukapendeza. Je, viti vipya ndivyo vitiavyo mabao?

Basi wanaowachagua walimu wakuu wasiulize miaka ya kazi na vyeti tu. Waulize mtu huyu husemaje na walio chini yake. Na wakaguzi, ambao huhesabu maandalio ya masomo wakaenda zao, na waketi kidogo katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko, wasikilize kama mazungumzo hukatika mkuu anapoingia.