Mwanamuziki hashibi kwa makofi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wameiandikia insha zisizo na idadi, aghalabu kwa mkondo ule ule: kijana amekwenda mjini, amesahau ngoma za kwao, amepotea. Ni nadra kumwona mwanafunzi akiuliza swali la pili ambalo methali yenyewe haikulijibu. Je, mtu aliyefukuzwa kutoka kwenye mila yake, akabomolewa nyumba na kufungiwa shule, naye pia ni mtumwa?

Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha tamthilia ya runinga iitwayo Treme, iliyoonyeshwa nchini Marekani na kituo cha HBO tangu Aprili 2010 hadi Desemba 2013. Waliobuni tamthilia hiyo yenye vipindi 36 ni David Simon na Eric Overmyer. Inasimulia maisha ya wanamuziki, wapishi, mawakili na walimu wa mji wa New Orleans, kuanzia miezi mitatu baada ya Kimbunga Katrina kuupiga mji huo tarehe 29 Agosti 2005. Jina lake limetokana na mtaa wa Tremé, mmojawapo wa mitaa mikongwe kabisa ya watu weusi katika Marekani. Humo mna uwanja uitwao Congo Square, ambako Waafrika waliokuwa watumwa walikusanyika siku za Jumapili wakapiga ngoma na kucheza.

Yafaa tuelewe kwanza kwamba upepo peke yake haukuuangamiza mji ule. Kuta na kingo zilizojengwa kuzuia maji ndizo zilizobomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na mafuriko. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilikuwa imepata wakazi 484,674. Ile ya mwaka 2010 ilipata 343,829 tu. Katika tamthilia, mhusika Creighton Bernette, mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza, anawaka kwa hasira kila anapowasikia watu wakisema kwamba yale yalikuwa maafa ya Mungu. Kwake yeye, hayo yalikuwa makosa ya binadamu. Nami naafikiana naye, maana mjadala wote unaofuata hutegemea jambo hilo. Msiba ukiitwa kudura, hakuna anayeulizwa. Ukiitwa uzembe, yuko mwenye kujibu.

Wahusika wawili wanastahili kuangaliwa kwa makini. Wa kwanza ni Antoine Batiste, mpiga tromboni, anayeigizwa na Wendell Pierce ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa New Orleans. Antoine ni fundi kwelikweli, lakini hana gari, na kila siku hugombana na madereva wa teksi juu ya nauli. Leo anapiga mazishini, kesho katika baa, na malipo ni ya kubahatisha. Wa pili ni Albert Lambreaux, kiongozi wa kundi la watu weusi ambao kila mwaka hushona mavazi ya shanga na manyoya kwa heshima ya Wahindi Wekundu ambao, kwa mujibu wa masimulizi yao, waliwahifadhi watumwa waliotoroka. Vazi moja huweza kuchukua karibu mwaka mzima, huvaliwa siku chache tu, kisha fundi huanza jingine. Albert anarudi na kuikuta nyumba yake imeharibika. Anahamia katika baa iliyofungwa, anaisafisha kwa mikono yake, na usiku anashika sindano.

Kuna watazamaji walionung'unika kwamba tamthilia hii inakwenda polepole, kwamba hakuna kinachotukia. Mimi naona kinyume chake. Kutunga shanga moja baada ya nyingine ndiko kunakotukia. Kumtafuta mpiga ngoma aliyehamishiwa mji mwingine, kumshawishi arudi, na kukosa mahali pa kumlaza, ndiko kunakotukia. Ujenzi wa mji baada ya gharika hauna shangwe nyingi, na mwandishi anayetuahidi shangwe kila baada ya dakika kumi anatudanganya.

Kama mwanaisimu, nilivutiwa hasa na jinsi lugha inavyotumiwa. Wahusika husema kama wasemavyo watu wa mji ule, na hakuna anayesimama kumfasiria mgeni. Kule, umati unaoifuata bendi barabarani ukicheza huitwa mstari wa pili. Mstari wa kwanza ni bendi yenyewe na wenye shughuli. Ukanda wa nyasi ulio katikati ya barabara pana huitwa ardhi isiyo ya upande wowote, jina lililobaki tangu enzi ambapo barabara moja iliwatenga Wakrioli wenye asili ya Kifaransa na Wamarekani waliokuja baadaye. Lipo pia neno “lagniappe”, lililosafiri kutoka lugha ya Kikechua ya Amerika Kusini, likapitia Kihispania, likatua New Orleans. Maana yake ni kile kidogo ambacho mwuzaji humwongezea mnunuzi bila malipo. Mama wa sokoni kwetu angelielewa mara moja, kwa kuwa yeye hukiita nyongeza.

Lakini neno huishi maadamu tendo lake linaishi. Siku mwuzaji wa mwisho atakapoacha kuongeza, neno litabaki kwenye vibao vya maduka ya watalii, likiwa limepakwa rangi nzuri na kukosa roho. Vivyo hivyo mstari wa pili hauwezi kuwako pasipo mtaa wenye watu wa kuufuata.

Hapa ndipo unafiki wa wenye mamlaka unapodhihirika. Mji ule hujitangaza kwa wageni kwa kutumia picha za wapiga tarumbeta. Hata hivyo, mwaka 2006 ada za kupata kibali cha maandamano ya muziki zilipandishwa mno hata vyama vya mitaa vikalazimika kwenda mahakamani. Oktoba 2007, polisi waliingia Tremé na kuwakamata wanamuziki wawili waliokuwa katika msafara wa kumwomboleza mwenzao. Desemba mwaka huo huo, baraza la mji lilipitisha kubomolewa kwa majengo makubwa ya makazi ya umma ambayo wapangaji wake wengi walikuwa bado wanatamani kurudi. Na wafanyakazi wa shule za umma zaidi ya 7,000, walimu wakiwa wengi miongoni mwao, walikuwa wameachishwa kazi baada ya mafuriko. Mtu anayepiga makofi jioni na kumbomolea mpigaji nyumba asubuhi hawezi kusema kwamba anaupenda muziki.

Wapo wanaodai kwamba shida ndiyo mama wa sanaa, na kwamba msanii akishiba hulala. Dai hili husemwa zaidi na walioshiba. Louis Armstrong, mwana wa mji ule ule, alizaliwa katika ufukara. Lakini ufukara haukumfundisha kupiga tarumbeta. Mwaka 1913 alipelekwa katika makao ya kurekebisha tabia za wavulana weusi, na humo alikuta bendi, ala na mwalimu. Tuondoe hivyo vitatu, je, shida ingetuzalia nini?

Ndiyo maana sehemu ninayoithamini kuliko zote katika Treme ni ile ya Antoine kuajiriwa kufundisha bendi ya shule. Anaikubali kazi kwa sababu ya mshahara tu, wala hafichi. Ala hazitoshi, watoto wana makelele, na baadhi yao wamebeba misiba mizito kuliko umri wao. Polepole mtu yule mzembe anakuwa mwalimu. Tamthilia haidai kwamba muziki huponya kila jeraha: yule mhadhiri mwenye ufasaha anakata tamaa na kuiaga dunia kwa mkono wake kabla msimu wa kwanza kwisha. Inachodai ni kwamba sanaa hurithishwa na mtu mzima mwenye ujira, mbele ya mtoto mwenye ala, katika chumba chenye paa. Hata nje ya tamthilia hilo lilieleweka. Wanamuziki Harry Connick Jr. na Branford Marsalis waliposhirikiana na shirika la Habitat for Humanity, hawakujenga sanamu. Walijenga kijiji cha nyumba 72, pamoja na kituo cha kufundishia muziki kilichofunguliwa mwaka 2011.

Nasi tujiulize. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kila mwaka shule zetu humtafuta mzee wa kijijini ajuaye nyatiti au chivoti awafunze wanafunzi wimbo wa mashindano. Vyeti vikishatolewa, mzee hurudi kwake na ahsante. Mwakani, asipoonekana, tutasema vijana wameacha mila.

Walimu wenzangu, tumlipe mzee huyo kama tunavyomlipa fundi yeyote, na tumweke katika ratiba ya mwaka mzima. Nanyi wanafunzi, mtakapopewa tena methali ile muitungie insha, msitosheke kumlaani aliyeacha. Ulizeni ni nani aliyeubomoa mlango aliokuwa akiingilia, na ni nani aliye na uwezo wa kuujenga upya.