Janti Nyumbani, Maski Kazini

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto, leo nitasema juu ya jambo ambalo wengi watajibu kwamba si kazi ya munganga: janti za alumini.

Mnazijua. Ni zile janti zinazong'aa ambazo kila mwenye motokari ndogo ya zamani anazitafuta. Pita katika kambi siku ya Mungu baada ya misa. Hapa Starlet imepandishwa juu ya matofali, pale Golf ya zamani haina gurudumu hata moja, na mwenyewe amechuchumaa katikati ya lupango na karatasi ya msasa mkononi, watoto wa jirani wamemzunguka. Wazee wengine wanacheka. Wanasema motokari ina miaka 30, mlango unafungwa kwa kamba, janti za nini? Mimi sicheki. Mtu anayeosha na kupaka rangi kitu chake kwa mikono yake anapumzisha akili, na siku hiyo pesa haiendi katika pombe. Mimi pia nina Starlet, na janti zake zilitoka kwenye Golf.

Lakini kwanza niwaambie juu ya mgonjwa mmoja.

Alikuja dispanseri asubuhi, siku ya kwanza ya kazi, macho mekundu, anakohoa. Ni mtu wa kutoboa jiwe chini ya udongo, mwenye miaka mingi ya kazi, na kitabu chake cha ajali ni cheupe. Nikamwuliza amefanya nini siku ya Mungu. Akasema aliazima kompresa ya rafiki, akakausha mchanga wa mto juani, akaupuliza juu ya janti nne ili rangi ya zamani itoke. Alianza asubuhi akamaliza jua likishuka.

«Baba, na maski yako ilikuwa wapi?»

«Munganga, ile ni ya kazini.»

Neno hilo halikunitoka kichwani juma zima. Fikirini wenyewe. Kule chini mashine yake inatoboa kwa maji, ili vumbi lisiinuke. Maji yakikatika anasimamisha mashine, hangojei kapita amwambie. Anajua sababu, maana amewaona wazee waliotoboa jiwe kavu zamani, wanaopumzika mara tatu kati ya kitanda na mlango. Kisha anarudi nyumbani, anachukua jiwe ambalo mto umekwisha kulisaga, analikausha vizuri, na kulipuliza kwa kompresa mbele ya pua yake.

Kwa maana mchanga wa mto ni nini? Sehemu yake kubwa ni jiwe lile tunaloliita kwatzi, nalo limejaa silisi. Chembe ya mchanga unayoiona kwa macho haifiki ndani ya mapafu. Pua na koo vinaikamata. Lakini ikigonga chuma kwa nguvu inapasuka vipande vidogo sana, vya mikroni 5 na chini yake. Unywele wa mtu una unene wa mikroni karibu 70. Vipande hivyo huvioni, havikuwashi, vinabaki hewani muda mrefu baada ya kompresa kuzimwa, vinashuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa huko. Mwili unajaribu kuvizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa gumu. Ndiyo silikozi. Dawa ya kuiondoa hakuna. Pafu lenye silisi linashikwa upesi na kifua kikuu, na mwaka 1997 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia waliandika vumbi la silisi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu.

Mtu ataniambia: siku moja tu, munganga! Kweli, siku moja haitakuua. Lakini mtu huyu alinieleza kwamba majirani wawili wamekwisha kumletea janti zao awafanyie kwa malipo. Hapo si siku moja tena. Kwa kawaida silikozi inachukua miaka kumi na zaidi, ila vumbi likiwa zito haingoji. Huko Uturuki vijana walikuwa wanapuliza mchanga juu ya suruali za jinzi ili zionekane za zamani. Wengine walikufa kwa silikozi baada ya miaka michache tu ya kazi, na serikali ikaikataza kazi hiyo mwaka 2009. Uingereza ilikataza kupiga vyuma kwa mchanga wenye silisi viwandani tangu sheria ya mwaka 1949. Sisi tunaifanya katika lupango, kando ya nguo zilizoanikwa na mtoto anayelala mgongoni mwa mama.

Kitambaa puani hakisaidii. Kinazuia vumbi kubwa tu, lile lisilo na hatari sana, na kinakudanganya kwamba umejilinda.

Sasa nitasema neno ambalo pengine halitawapendeza wakubwa. Kanuni inasema maski haitoki mlangoni, na mlinzi anayemnyang'anya mfanyakazi maski yake anafanya kazi yake vizuri. Naelewa, vitu vinaibwa. Lakini mapafu yanatoka mlangoni kila siku, wala hakuna mlinzi anayeyazuia. Kwa maoni yangu, maski ya vumbi ingeuzwa kwa wafanyakazi kwa bei ile ile ambayo kampani inainunua, ili kila nyumba iwe nayo moja ya kazi za lupango. Mgonjwa mmoja wa silikozi anagharimu zaidi ya sanduku zima la maski. Nimelisema katika mkutano, nalirudia hapa.

Hata hivyo maski ni ya mwisho. La kwanza ni kuacha mchanga mkavu. Janti ya alumini haiuhitaji hata kidogo! Osha janti kwa maji ya moto na sabuni. Vumbi jeusi la breki lililoshika ndani usilipulize kwa kompresa, maana breki za motokari za zamani mara nyingi zilikuwa na amianti. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa. Kiisha chukua msasa wa maji, namba 240 penye mikwaruzo, halafu 400, halafu 800, ukichovya katika ndoo kila mara. Vumbi linakuwa tope na tope haliruki. Ni akili ile ile ya kutoboa kwa maji. Inachukua siku mbili badala ya moja. Rangi ya kupuliza ipulizwe nje, upepo ukitoka nyuma yako, mbali na mbabula.

Wengine hawana uvumilivu wa msasa, wanatumia soda ya kutengenezea sabuni ili kung'oa rangi. Hapa lazima nikiri kosa langu. Niliweka janti moja katika beseni la soda. Soda inakula alumini yenyewe. Maji yalianza kuchemka bila moto, na ile hewa inayotoka ni hidrojeni, inayoweza kuwaka. Janti ikatoka nyeusi, imejaa vishimo. Soda iliyobaki nikaimimina katika chupa ya limonadi, nikaiacha dirishani. Mtoto wetu alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili bibi yangu alipoingia.

Hakupiga kelele. Aliimwaga, akaniambia: «Baba, wewe unawafundisha wamama wa kambi nzima. Hapa nyumbani nani atafundisha?»

Sikuwa na jibu. Basi sikieni. Soda ikiruka ndani ya jicho, usikimbie dispanseri kwanza. Kimbia kwenye maji safi, fungua jicho kwa vidole, mwagia maji bila kusimama kwa dakika 20, kiisha uje. Mtoto akiinywa, msimtapishe, kwa sababu itamchoma mara ya pili ikipanda. Msimpe mafuta ya ngazi. Msukutueni mdomo, mleteni hospitali mbio, na chupa mje nayo.

Janti ikiwa safi, tafuta ufa. Barabara zetu zina mashimo, na alumini haipindi kama chuma, inapasuka. Tazama hasa upande wa ndani ambao hauonekani janti ikiwa imefungwa. Mafundi wa zamani walikuwa na njia nzuri: paka pitroli kidogo, ngoja, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Pitroli iliyojificha katika ufa inarudi juu na kuchora mstari juu ya chaki. Janti yenye ufa usiijaze mastiki, usiipeleke kwa fundi wa kuunganisha vyuma wa barabarani. Moto unaondoa ugumu wa alumini pembeni mwa kiungo. Tena moto juu ya janti ambayo bado ina mpira ni bomu. Hewa ndani ya mpira inapanda, mpira wenyewe unaanza kuungua kwa ndani, na unalipuka bila kutoa dalili. Na kwado anayemwaga esansi na kuwasha kibiriti ili mpira ukae katika janti, mwondokee, hata kama ni shemeji yako.

Kufunga ni shauri la vipimo. Golf na Starlet yangu zina matundu manne, yote juu ya duara la milimita 100, kwa hiyo janti ya Golf inaingia, na watu wanafurahi. Lakini tundu la katikati la Golf ni milimita 57.1, na kitovu cha Starlet ni 54.1. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo janti haikai katikati sawasawa, usukani unatetemeka, na bulo zinabeba kazi isiyo yao. Tena kikalio cha bulo katika janti ya Golf ni cha mviringo kama mpira, na nati za janti ya chuma ya Toyota ni za pembe kama funeli. Vikikutana vinagusana kwa mstari mwembamba tu, na baada ya siku chache nati zimelegea. Tafuta nati zenye umbo la kikalio. Zianze kwa vidole, kaza kwa msalaba, malizia motokari ikiwa chini. Ufunguo wa nusu meta, kilo 20 za mkono mwishoni mwake, zinatosha. Usisimame juu yake kwa miguu. Mtu wa kilo 70 anakaza zaidi ya mara tatu, na bulo inavutika mpaka siku itakapokatika njiani. Ukitembea kilometa 50, kaza tena.

Mtu wangu wa mchanga alirudi juma lililofuata kwa picha ya kifua. Nilimwonyesha msasa namba 400 niliokuwa nao katika mfuko. Janti za majirani alizirudisha, na mmoja wao, nimesikia, amekasirika.

Zangu ziko tatu tu juu ya Starlet, na moja ya chuma. Ile iliyokuwa katika soda, chaki ilionyesha ufa karibu na tundu la tatu. Bibi yangu ameilaza nyuma ya nyumba na kuweka pipa la maji juu yake.