Acheni kufomati flashi za wahami

Neno hili ninalielekeza kwanza kwa wenye vibanda vya kupigisha na kufotokopisha makaratasi hapa Goma, na kwa vijana wanaokaa mbele ya mashine zao: acheni kufomati flashi za watu. Mhami anakuja kwenu na flashi inayogoma, anarudi na flashi tupu, na juu ya hayo mnamtoza pesa. Huo si ufundi. Ni kumaliza kile kidogo ambacho vita vilimwachia.

Mtu aliyekimbia Masisi ao Rutshuru hakubeba kabati. Alibeba watoto, godoro na kifurushi. Nasi wa mjini tunajua namna karatasi inavyopotea: tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukarudi, ukafika Buhene. Kwa hiyo wengi walipiga picha makaratasi yao, wakayatia katika flashi moja, wakaifunga kwenye kipande cha kitenge. Ndani mna karatasi ya shamba, diploma ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, picha ya harusi, pengine sauti ya marehemu. Siku mzozo wa shamba utakapofika kwa chifu ao kortini, flashi hiyo ndiyo itakayosema.

Sasa inafika kwenu. Kompyuta inaandika kwamba lazima diski ifomatiwe mbele ya kutumika, inauliza: ndiyo ao hapana? Kijana anabonyeza ndiyo. “Mama, flashi yako imepona.” Imepona kama nyumba inavyopona mpangaji akishatupwa nje na vitu vyake.

Ndugu, maneno hayo ya kompyuta si hukumu ya daktari. Yanasema tu kwamba mashine imeshindwa kusoma daftari la flashi, yaani sehemu inayoonyesha kila faili imekaa wapi. Daftari likiharibika, mara nyingi mafaili yenyewe yangali palepale. Kufomati kwa haraka kunaweka daftari jipya tupu. Mafaili ya zamani yanabaki chini, hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Lakini ukiondoa alama ya “haraka”, Windows, tangu ile ya Vista, inaandika sifuri kwenye diski nzima. Hapo usitafute tena fundi.

Wengine wanajitetea: tunafomati juu ya virusi. Vipi? Virusi vingi vya flashi vinaficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake. Mafaili hayakufa, yamefichwa. Amri moja ya attrib inaondoa alama ya kuficha, nayo yanaonekana. Unachoma nyumba nzima juu ya panya?

Wengine wanasema mteja ana haraka, umeme unakatika, malipo ni kidogo. Ni kweli. Basi sema “siwezi”, urudishe flashi kama ulivyoipokea. Kukataa kazi usiyoijua hakuna haya.

Na kupima flashi hakuhitaji masomo ya chuo kikuu. Kwanza, ichomoe, ujaribu tundu lingine. Kama ni kompyuta kubwa ya mezani, tumia tundu la nyuma, bila waya wa kuongezea. Kisha jaribu mashine nyingine. Mara nyingi tundu limelegea, na flashi ni nzima.

Ikigoma bado, fungua sehemu ya Windows inayosimamia diski, usome inachosema.

Ukubwa wa flashi ukionekana sawa, lakini mbele yake pameandikwa RAW, daftari ndilo limeharibika. Kuna matumaini makubwa. Usiandike kitu juu yake.

Ikionyesha sifuri, ao kwamba hakuna diski ndani, basi kidude kinachoongoza flashi hakifikii tena kumbukumbu yake. Programu unayopakua haitasaidia kitu. Isimamishwe hapo, ingoje fundi mwenye vyombo vya kusoma kumbukumbu yenyewe.

Ikionekana tu ukiikunja kwa kidole, kichwa chake kimelegea. Usiendelee kuikunja, ni kazi ya kulehemu.

Na ikifunguka lakini inakataa kuandikwa, usishindane nayo. Baadhi ya flashi hujifunga zenyewe zikichoka, zikakubali kusomwa tu. Hiyo ni nafasi ya mwisho: nakili mara moja, ukianza na makaratasi, filamu baadaye.

Kwa flashi inayosomeka kwa shida, programu ya ddrescue kwenye Linux inatengeneza nakala ya flashi nzima, ikianza na sehemu nzima na kurudia mbovu baadaye. Kisha PhotoRec inatafuta picha na makaratasi ndani ya nakala hiyo, na kuyaweka kwenye diski nyingine. Zote mbili ni za bure. Amri ya chkdsk ingoje mpaka nakala iwe tayari, sababu inatengeneza daftari hata kwa kukatakata mafaili yako.

Wauzaji nao wasijifiche. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa 64 zenye nafasi ndogo sana ndani. Unanakili, kompyuta inasema imekwisha. Baada ya mwezi unafungua, faili limeoza. H2testw kwenye Windows, ao F3 kwenye Linux, inaijaza flashi mpya na kuisoma tena, uongo unaonekana. Jaribuni mali yenu mbele ya kumuuzia mtu asiye na kwao. Nayo mashirika yanayoskani makaratasi ya wahami na kumpa kila mmoja flashi moja, bila nakala ya pili, yasiite hiyo ulinzi.

Na wewe mama, wewe baba uliye kambini ao kwa ndugu aliyekupokea: flashi si sanduku la chuma. Kumbukumbu yake inachakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na joto linaiharakisha kusahau. Weka nakala mbili, kwa watu wawili, mahali pawili. Ikianza kupotea na kurudi, kukawia sana, ao kuonyesha majina yasiyosomeka, iondoe kazini siku ileile. Na mbele ya kuikabidhi kwa kijana yeyote, mwambie: nakili kwanza, usifomati. Asipokubali, chukua flashi yako uende. Hakuna aliye na haki ya kubonyeza “ndiyo” juu ya shamba lako.