Wakiuliza juu ya akili ya mzee wetu Marekani, tusifiche

Familia nyingi zilizokimbia vita vya Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru leo ziko na watu wao Marekani. Mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu ao Nakivale amezeeka kule, watoto wanashinda kazini, mwishowe hospitali inasema apelekwe katika nyumba ya kutunza wazee. Hapo maswali yanaanza: Analala? Anaona watu wasiokuwepo? Amewahi kulazwa sababu ya akili? Na simu zinafika huku: "Wanasema mama ni mwendawazimu!"

Hapana. Ni sheria ya inchi ile tangu mwaka 1987. Kila anayetaka kuingia katika nyumba inayopokea malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anaulizwa kwanza, awe Mkongomani ao Mmarekani, tajiri ao maskini. Ikionekana dalili ya ugonjwa mkubwa wa akili, ao ulemavu wa akili, anapimwa kwa undani. Wanatafuta mambo mawili: kama nyumba hiyo inamfaa kweli, na matunzo gani ya ziada anahitaji.

Mimi naona kosa letu kubwa ni kuficha. Kwa haya, mtoto anajibu "hana shida", na huku mama anaamka usiku akipiga kelele, anasikia tena risasi. Ataingia mule bila msaada.

Kosa la pili ni kumpa mjukuu kazi ya kutafsiri. Bibi atasemaje mbele yake yale yaliyompata vitani? Kanuni zenyewe zinataka upimaji ufuate lugha na desturi ya mzee. Basi ombeni mkalimani wa Kiswahili, Kibembe, Kifuliru ao Kinyamulenge. Mzee asiyeeleweka anaweza kuandikwa kwamba akili imepotea, kumbe amekosa lugha tu. Na kama uamuzi unamuumiza, ana haki ya kukata rufaa.

Na huku kwetu? Mzee kambini akibahatika anapimwa malaria. Nani anamuuliza roho yake iko namna gani? Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, lakini mzee wa kijijini atafika na nini? Serikali na mashirika waweke swali hilo katika kila kituo cha afya.

Sisi tusingoje. Leo jioni keti na mzee wako, muulize: "Usiku unalala?" Kisha msikilize mpaka amalize.