Mkimbiaji Akikonda Tusimtangazie Ugonjwa

Ukikutana na mtu ambaye hujamwona kwa miezi mitatu, unaanzaje salamu? Wengi wetu tunamtazama kwanza kutoka kichwani mpaka miguuni. Macho yakimaliza kazi yake, ndipo mdomo unafuata. "Habari za siku nyingi? Mbona umekonda hivyo? Unaumwa?" Kama amenenepa tunamsifu. Tunasema maisha yamemkubali. Kama amekonda tunamhurumia mbele za watu, hata kama yeye mwenyewe hajasema kwamba ana shida.

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaokonda kwa sababu ya mazoezi ya mbio ndefu. Huku kwetu, Mbulu, Karatu na Hanang, tunawafahamu. Ni vijana, wavulana kwa wasichana, na hata watu wazima wachache. Huamka alfajiri, hukimbia kilometa 10 au 15, kisha hurudi nyumbani kuoga na kwenda shambani kama wengine. Baada ya miezi michache mashavu yamepungua, shingo imekuwa nyembamba, na suruali imefungwa kwa kamba. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kwenye mashine ya kusaga wanasema kijana ameukwaa. Kilabuni wanasema kifua kimemwingia. Kama ni mume, mke wake ndiye anayesutwa: "Mwenzetu, humlishi mumeo?" Kama ni msichana, ataambiwa hataolewa, au akiolewa hatazaa. Nimeyasikia haya yote mimi mwenyewe, mengine nikiwa nimevaa koti jeupe la zahanati, na msemaji akitazamia niyaunge mkono. Siyaungi mkono.

Kwanza tujue kwa nini mkimbiaji anakonda. Mwili wa mtu huweka akiba ya mafuta chini ya ngozi, kama sisi tunavyoweka mahindi ghalani. Mtu anapokimbia mbio ndefu, mwili hutumia chakula alichokula na hutumia pia akiba hiyo. Akiba ya usoni ikipungua huonekana upesi, kwa sababu uso haufunikwi na nguo. Miguu na moyo wake vinazidi kupata nguvu, lakini hayo jirani hayaoni. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kwa kawaida mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Mkimbiaji aliyezoea anaweza kupigwa na moyo mara 50 tu, na hana ugonjwa. Moyo wake umepata nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi.

Isitoshe, mwili mwembamba ndio unaofaa kwa kazi hiyo. Mbio za marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Kila kilo ya ziada mkimbiaji anaibeba njia nzima. Mkumbukeni Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989. Alikuwa mtu mfupi na mwembamba. Mwaka 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, nchini Japani. Nchi nzima ilifurahi. Hakuna aliyesema Simbu apelekwe hospitali kwa sababu mashavu yake yamebonyea. Lakini kijana wa jirani mwenye mwili kama ule ule, ambaye bado hana medali, tunamchagulia ugonjwa. Jambo hilo halina haki.

Hata hivyo, wazee wetu hawakuanza kuogopa wembamba bure. Wameona miaka ya njaa, na mtu mwembamba alikuwa mtu mwenye njaa. Tena wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baada ya hapo, watu waliona ndugu zao wakikonda mpaka mifupa, na kisha wakawazika. Dawa hazikuwapo. Mama aliyemuuguza mwanawe wakati ule hawezi kumwona mwingine anakonda akanyamaza. Mama huyo simlaumu.

Lakini mambo yamebadilika. Serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo mwaka 2004. Leo mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku anaweza kuwa mnene na mwenye nguvu, analima na kulea watoto. Na mtu mwembamba kabisa anaweza kuwa hana virusi. Kwa hiyo anayesema anamjua mwenye UKIMWI kwa kumtazama, hamjui. Damu hupimwa kwa kipimo, haipimwi kwa macho.

Nieleze jambo moja lililonifika kazini. Kijana mmoja mkimbiaji alikuja zahanati, sitamtaja jina wala kitongoji chake. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alitaka nimpime, kisha nimwandikie barua yenye mhuri inayosema kwamba hana UKIMWI. Alitaka akaibandike kilabuni. Alisema mchumba wake ameanza kumkwepa, na kwao wamemwambia mbio zimkome.

Kupima nilimpima, kwa hiari yake, na majibu nilimpa yeye peke yake. Barua ya kubandika ukutani nilikataa. Alikasirika. Aliniuliza, "Sasa daktari, wewe uko upande gani?"

Ndugu msomaji, fikiri pamoja nami. Leo huyu anabandika barua yake. Kesho kilabuni watamwuliza mwingine, "Na wewe, ya kwako iko wapi?" Yule anayemeza dawa kimya kimya, anayefanya yote tuliyomshauri, atajificha. Ataacha kuja kuchukua dawa kwa kuogopa kuonekana mlangoni. Hapo ndipo atakapougua kweli. Tena, kukimbilia kuonyesha cheti ni kukubali kwamba wenye virusi ni watu wa kuaibishwa. Hatukubali. Majibu ya kipimo ni ya mtu mwenyewe. Akitaka kumwambia mchumba wake, amwambie, na ni vizuri zaidi wakija kupima wote wawili. Lakini kilabu hakina haki ya kudai cheti cha mtu.

Wengine wataniuliza: je, tukimwona mtu amekonda tunyamaze tu? Hapana. Kukonda kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa, na mkimbiaji naye ni mtu kama sisi. Mbio hazimkingi na kifua kikuu. Na yuko mkimbiaji wa namna nyingine anayenitia wasiwasi: yule aliyechoka maneno ya watu mpaka hataki kusikia hata la kweli. Kila akiambiwa jambo, jibu lake ni "mazoezi hayo".

Mkimbiaji, sikiliza. Kukonda kwa mazoezi huja polepole, kisha hutulia. Unakula kwa hamu, unalala vizuri, na mwendo wako barabarani unakuwa mwepesi. Kukonda kwa ugonjwa hakuko hivyo. Kama una kikohozi cha majuma mawili au zaidi, kama usiku unatoka jasho mpaka shuka linalowa, kama una homa za mara kwa mara, usiseme ni mazoezi. Njoo tupime makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Kama una kiu isiyokwisha na unakwenda haja ndogo mara nyingi usiku, yawezekana ni kisukari. Kama kilima ulichokipanda mwaka jana bila taabu sasa kinakushinda, na ndani ya macho pamekuwa peupe, damu imepungua. Huenda una safura, minyoo inayoingia kwa kupenya ngozi ya miguu. Anayekimbia pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa na vinyesi yuko hatarini. Na kama uzito unaendelea kushuka ingawa umepunguza mbio, hilo nalo si mazoezi.

Mizani haina udaku. Mtu mwenye kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi katika miezi 6 bila sababu anayoijua, aje achunguzwe. Mtu mzima mwenye kimo cha meta 1 na sentimeta 65 akishuka chini ya kilo 50, amekonda kupita kiasi hata kama anashinda mbio. Usijipime mara baada ya kukimbia. Katika saa mbili za mbio kwenye jua unaweza kupoteza kilo moja au mbili za jasho. Hayo ni maji, yatarudi ukinywa.

Sasa habari ya chakula, na hapa nina ugomvi na wakimbiaji wenyewe. Wengi wanakula kama hawakimbii. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilometa 10 anatumia nguvu sawa na gramu 170 hivi za unga wa mahindi. Robo kilo ni gramu 250, kwa hiyo ni zaidi ya nusu ya robo kilo. Akikimbia siku 6, ni kilo nzima ya unga kwa juma, juu ya chakula chake cha kawaida. Hiyo kilo inatoka wapi? Kama haitoki sufuriani, inatoka mwilini. Na ugali peke yake hautoshi. Maharage, mbaazi, maziwa, mayai, dagaa, mboga za majani na matunda, vyote vinatakiwa. Uji mzito wenye maziwa au karanga mara baada ya kurudi unasaidia sana. Asiyeweza kupata nyongeza hiyo apunguze kilometa mpaka mavuno. Najua ushauri huu haupendezi kwa mwenye ndoto ya medali, lakini mwili haukopeshi bila kudai.

Wasichana nawaomba wasome hapa mara mbili. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa siku zake za mwezi. Wengine hufurahi, wakidhani ni alama ya kuwa mkimbiaji hodari. Si hivyo. Mwili umeona chakula hakitoshi, umeanza kufunga baadhi ya kazi zake. Mifupa nayo hudhoofika, na inaweza kupata nyufa kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Ukikosa siku zako kwa miezi mitatu, njoo zahanati. Tutauliza kwanza kama kuna mimba, usikasirike, ndiyo kazi yetu. Kama hakuna mimba wala ugonjwa mwingine, mara nyingi kula zaidi na kupunguza mazoezi hurudisha hali. Wale wanaosema mbio zinafunga kizazi daima wanasema uongo. Lakini msichana asiitumie sababu hiyo kuficha njaa yake.

Na maneno ya watu? Mkimbiaji ayajibu namna gani? Nionavyo mimi, asiyajibu yote sawasawa. Mama yako akisema umekonda, usimjibu kwa hasira. Huyo anasema kwa hofu. Amkia, kaa naye, kula mbele yake mpaka ushibe, mwambie uzito wako wa mwezi uliopita na wa mwezi huu. Ikibidi mlete zahanati aone mizani mwenyewe. Mzee akikuuliza njiani, jibu fupi linatosha: "Shikamoo mzee. Sijambo, ni mazoezi, na nimepima." Usimweleze zaidi, endelea na safari. Mwenye mzaha mchekee. Lakini anayekutangazia ugonjwa mbele za watu, mwambie wazi, bila matusi: "Ndugu, afya yangu ni yangu. Ukiwa na wasiwasi nami, njoo nyumbani uniulize." Mara nyingi hatakuja.

Mume wa mke anayekimbia, na mke wa mume anayekimbia, ninyi ndio mnaosikia maneno mengi kuliko mkimbiaji mwenyewe. Yeye alfajiri yuko barabarani, ninyi mko kisimani. Semezaneni nyumbani kabla ya watu kuwasemea. Mwenzako akijua unakimbia kiasi gani, unakula nini na uzito wako ni kilo ngapi, hatatikiswa na mtu wa kisimani.

Nawe jirani, ukiona kweli mwenzako anapungua, mfuate peke yake, jioni, mbali na masikio ya watu. Usitaje ugonjwa. Mwulize, "Unalalaje? Unakula? Unakohoa?" Akisema hajambo, mwamini. Akisita, mwambie utamsindikiza zahanati. Kusindikizwa na mtu kumewaleta wagonjwa wengi kwangu ambao wasingekuja kwa kusemwa.

Yule kijana wa barua bado anakimbia. Mchumba wake alikuja naye mara moja, wakapimwa wote wawili, na majibu wanayajua wao. Uzito wake tunaupima kila mwisho wa mwezi. Wakimbiaji wengine wanaotaka kupimwa waje asubuhi kabla ya kula na kabla ya kukimbia, wavue viatu na koti, na waje na daftari ndogo la kuandikia kilo zao.