Timu Ikijibu "Tuko Sawa", Kiongozi Usilale

Ukituuliza sisi tuliosomea sayansi ya kompyuta ni nani anayefaa kuongoza timu ya programu, wengi tutakutajia yule anayeandika programu kuliko wenzake wote. Nami niliamini hivyo nilipotoka chuo kikuu. Miaka michache kazini imenifundisha vingine. Kiongozi asiyejua kuwasiliana ataiangusha kazi hata akipewa wataalamu kumi. Na kuwasiliana ninakozungumzia hapa si ufasaha mbele ya wateja. Ni kuwafanya watu wako wakuletee habari mbaya mapema.

Kisa changu ni hiki. Kampuni fulani niliyoifanyia kazi ilikuwa ikitengeneza mfumo wa kupokea malipo ya simu. Kila asubuhi kiongozi wetu alipita kwenye meza zetu akiuliza, "Vijana, tuko sawa?" Sote tulijibu, "Tuko sawa, bosi." Siku nne kabla ya kukabidhi kazi, niligundua kwamba taarifa ya malipo ikiingia mara mbili, mfumo wetu unahesabu kuwa mtu amelipa mara mbili. Asubuhi ile nikaulizwa swali la kila siku, nikajibu jibu la kila siku. Nilidhani ningerekebisha usiku. Sikuweza. Mfumo ulipoanza kutumika, hesabu za mteja zilivurugika na wahasibu wake wakakaa wiki mbili wakilinganisha rekodi moja moja. Mkataba wetu haukuongezwa. Wenzangu wawili waliokuwa vibarua walipoteza kazi.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini mwezi mmoja kabla, mwenzetu alisema hatuko sawa, akakemewa mbele ya ofisi nzima. Baada ya hapo, nani angethubutu?

Usifikiri haya ni ya ofisi ndogo za Nairobi tu. Tarehe 23 Septemba 1999, NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni, na waliovipokea wakavichukulia kuwa vya metriki. Wengi husimulia hadi hapo, wakacheka. Uchunguzi ulionyesha jambo zito zaidi: waliokuwa wakifuatilia safari ya chombo waliona kwamba hesabu hazilingani. Wasiwasi wao haukupitishwa kwenye utaratibu rasmi wa kuripoti matatizo, ukabaki bila kutatuliwa. Habari ilikuwepo, lakini haikumfikia aliyeweza kuamua.

Timu ikikua, mambo huwa magumu zaidi. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 kule IBM, alieleza hesabu hii katika kitabu chake cha mwaka 1975: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, lakini watu 10 wana 45. Kila njia ni mahali ambapo neno linaweza kupotea.

Basi kiongozi afanye nini? Kwanza, aache maswali ambayo jibu lake ni "sawa". Aulize, "Tukikabidhi kazi leo, ni kitu gani kitaharibika kwanza?" Hapo lazima mtu afikiri. Pili, anayeleta habari mbaya ashukuriwe kabla ya kuulizwa kosa ni la nani. Tatu, mliyokubaliana yaandikwe siku hiyo hiyo: nani anafanya nini, na lini. Mistari mitatu ya barua pepe inatosha.

Nne, na hili ni letu Wakenya: mkutano ukiendeshwa kwa Kiingereza kitupu, kuna kijana atakayenyamaza si kwa kukosa hoja, bali kwa kuogopa kuchekwa. Mwache aeleze tatizo kwa Kiswahili, hata kwa Sheng akitaka. Hitilafu haijali lugha.

Kuna wanaosema huku ni kuwabembeleza watu wazima. Mimi naona ni kinyume chake. Kukemea ni rahisi; kumsikiliza mtu anayekuambia kwamba tarehe uliyomwahidi mteja haiwezekani ndiko kunakohitaji ukomavu.

Sasa naongoza timu ya watu wanne. Juzi kijana mmoja alinijia Jumatatu akasema, "Nimekwama tangu Ijumaa." Nilihisi hasira ikipanda. Nikakumbuka wale wawili waliopoteza kazi. Nikamwambia asante, tukakaa naye, kisha nikampigia mteja simu kuomba siku mbili zaidi. Alinung'unika, lakini alikubali.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe unayeongoza timu, ni lini mara ya mwisho uliletewa habari mbaya? Kama hukumbuki, usifurahi. Kesho asubuhi kawaulize watu wako upya, kisha unyamaze wewe.