Nani Aogopwe: Mtawala au Mwenye Mali?

Uliberali na ujamaa ni falsafa mbili zilizozaliwa Ulaya zikiwa na adui mmoja. Zote zilipinga dai la kale kwamba wako waliozaliwa kutawala na wako waliozaliwa kutumikishwa. Zinaachana pale linapoulizwa swali la nani hasa anayemnyima mtu uhuru wake. Mliberali humtazama mtawala: polisi anayekamata bila hati, mfalme anayetoza kodi bila ridhaa ya watu, serikali inayofunga gazeti. Mjamaa humtazama mwenye mali: kabaila anayemla mkulima jasho lake, bepari anayeweza kumfukuza kazi mtu asiye na cha kuuza ila nguvu zake. Hitilafu zao nyingine, za soko, kodi, ardhi na vyama, zinachipuka kutoka hapo.

Msingi wa uliberali uliwekwa na John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, katika maandishi yake ya mwaka 1689. Kwa Locke, mtu ni mmiliki wa mwili wake, kwa hiyo ni mmiliki wa kazi ya mikono yake. Ardhi aliyoilima inakuwa yake kwa sababu ameitolea jasho. Serikali inaundwa kwa makubaliano ili ilinde uhai, uhuru na mali, na ikivunja makubaliano hayo raia wana haki ya kuiondoa. John Stuart Mill alilipanua wazo hilo mwaka 1859 kwa kudai kwamba jamii haina ruhusa ya kumzuia mtu jambo lolote, isipokuwa anapowadhuru wengine. Kutokana na mawazo haya dunia imepata katiba zenye haki za binadamu, mahakama huru na uhuru wa kusema. Ni urithi mkubwa, lakini una doa lisilofutika: Locke huyohuyo alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika. Uhuru uliohubiriwa ulikuwa na mipaka ya rangi na ya mali.

Hapo kwenye mali ndipo wajamaa walipoanzia. Karl Marx na Friedrich Engels, katika tamko lao la 1848, walisema kwamba penye wachache wanaomiliki viwanda na ardhi, uhuru wa wengi ni wa karatasi tu. Mfanyakazi anatia saini mkataba kwa hiari, ndiyo, lakini akikataa atalala njaa. Mwajiri akikataa atasubiri mwingine aje kesho. Kwa hiyo mali inayozalisha inapaswa kuwa mikononi mwa jamii. Jinsi ya kufika huko kuliwagawanya wajamaa wenyewe. Wengine walitaka mapinduzi, wengine, kama Eduard Bernstein wa Ujerumani, walitaka kura na sheria. Njia hii ya pili iliwasogeza karibu na waliberali, hata mwaka 1948 serikali ya chama cha Labour ilipoanzisha huduma ya afya kwa wote nchini Uingereza, mpango mzima wa hifadhi ya jamii ulitegemea ripoti ya 1942 ya William Beveridge, ambaye alikuwa mliberali.

Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kuzipima falsafa hizi, kwa kuwa majirani wawili, Tanzania (Tanganyika ya zamani) na Kenya, walizichukua kwa namna tofauti katika muongo uleule, na kwa kuwa ardhi, lile jambo lililomshughulisha Locke, ndiyo iliyokuwa kiini cha siasa zao.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipotaka kuleta umilikaji wa ardhi wa kudumu, Julius Nyerere, kiongozi wa chama cha TANU, aliandika kuupinga. Alianza palepale alipoanza Locke: mtu ana haki juu ya kile alichokitengeneza kwa nguvu zake. Lakini akahitimisha kinyume chake. Ardhi haikutengenezwa na mtu yeyote, kwa hiyo mkulima ana haki ya kuitumia na kufaidi mazao yake, wala hana haki ya kuiuza kama bidhaa. Ni hoja yenye nguvu, na haijapata jibu la kuridhisha kutoka upande wa pili. Mwaka 1963 sheria ilifuta umilikaji huo. Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa, likafuata Februari 1967, benki zikataifishwa ndani ya siku chache, njia kuu za uchumi zikawa za umma, na viongozi wakawekewa miiko: hakuna mishahara miwili, hakuna hisa, hakuna nyumba ya kupangisha. Katika bara ambalo mawaziri wengi walikuwa wakijitajirisha, miiko hiyo ilikuwa tendo la uadilifu ambalo halijapata kurudiwa kwa ukamilifu. Kisomo cha watu wazima na elimu ya msingi kwa wote viliwafikia watoto wa wakulima ambao soko lisingewafikia.

Kilichokosekana ni ile hofu ya kiliberali, hofu ya mtawala. Tangu 1962 serikali ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na tangu 1965 chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa sheria. Gharama yake ilionekana Ruvuma, kusini mwa nchi. Huko, kuanzia kijiji cha Litowa, wakulima walikuwa wamejenga kwa hiari yao vijiji vya ushirika, wakichagua viongozi wao na kuamua wenyewe mipango yao. Ulikuwa ujamaa halisi, uliokuja kabla ya Azimio lenyewe. Mwaka 1969 uongozi wa TANU uliuvunja ushirika huo, kwa sababu ulikuwa hauko chini ya mamlaka ya chama, na wakulima hawakuwa na mahakama wala gazeti la kukimbilia. Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri ya kutekelezwa kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakiacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Kenya ilikwenda njia nyingine, ingawa waraka wake maarufu wa bunge, Namba 10 wa 1965, ulibeba jina la ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake, waraka huo uliohusishwa sana na waziri Tom Mboya ulilinda mali binafsi na kukataa utaifishaji isipokuwa panapolazimu. Umilikaji wa ardhi kwa hati ulikuwa umeshaanza chini ya mpango wa kikoloni wa Swynnerton wa 1954. Uchumi ulikua, na wakulima wengi wadogo wa chai na kahawa walifaidika. Ila sheria ya usajili wa ardhi ya 1963 ilikuwa na kifungu kizito: usajili wa kwanza haukuweza kubatilishwa hata kama ulipatikana kwa hila. Aliyewahi kuandikisha alishinda, na aliyekuwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya wakoloni, au kizuizini, alikuta shamba limekwisha kuandikwa jina la mwingine.

Wala Kenya haikuwa ya kiliberali. Chama cha KPU cha Oginga Odinga na Bildad Kaggia, kilichotaka ardhi kwa wasio nayo, kilianzishwa 1966 na kupigwa marufuku 1969. Mwaka 1982 chama kimoja kikawa sheria. Mali ililindwa, sauti haikulindwa. Locke alichukuliwa nusu, ile inayowafaa wenye mashamba.

Wanasiasa wa nchi hizi mbili walirushiana kejeli kwa miaka mingi, Mtanzania akimwita Mkenya nyang'au, Mkenya akijibu kwamba kwako hakuna hata cha kuliwa. Rekodi inaonyesha kitu kingine. Mnyonge wa Kenya hakushindwa kwa sababu ya uliberali uliozidi, wala wa Tanzania kwa sababu ya usawa uliozidi. Wote wawili walikosa nafasi ya kumpinga mkubwa bila kuadhibiwa. Ndiyo maana, ingawa swali la ujamaa ni zito kuliko la uliberali kwa mtu asiye na shamba, zana za uliberali zinapaswa kutangulia: bila hizo hata ujamaa hauwezi kutetewa na wale unaodai kuwatetea.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekiri hilo kwa kuweka pamoja haki ya kumiliki mali katika Ibara ya 40, haki ya afya, makazi na chakula katika Ibara ya 43, na agizo la kuweka ukomo wa ukubwa wa mashamba katika Ibara ya 68. Tanzania iliingiza haki za msingi katika Katiba mwaka 1984. Miaka kumi baadaye baba na mwanawe wa mkoa wa Arusha, waliokuwa wamerudishiwa na mahakama ardhi iliyopotea wakati wa Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa watu kwenda vijijini, walikabili sheria mpya ya 1992 iliyotaka kuwanyang'anya tena. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kumwondolea mtu haki hiyo bila fidia ya haki ni kuivunja Katiba. Mkulima alilindwa na orodha ileile ya haki ambayo serikali ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilikataa kuiweka kwenye Katiba, kwa hoja kwamba ingechelewesha maendeleo.